Unapanga kwenda Nairobi Gallery? Usichague Jumapili

Wanaopanga foleni ya pasipoti Nyayo House hulipita kila siku bila kuligeukia. Ni jengo la zamani la mawe, lililojengwa 1913, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Zamani ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa humo, na umbali wa kwenda miji mingine ulipimwa kuanzia hapo.

Siku hizi ndiyo Nairobi Gallery, na ndani kuna mali ya mtu mmoja: Joseph Murumbi.

Murumbi alizaliwa 1911, mama Mmaasai, baba Mgoa. Mwaka 1966 aliteuliwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, na mwaka huohuo akaondoka serikalini. Yeye na mkewe Sheila walikusanya kazi za sanaa za Afrika, vitambaa, mapambo, stempu, hata samani. Baadaye alishirikiana na Mmarekani Alan Donovan kuanzisha duka na jumba la sanaa la African Heritage.

Sasa, kosa la wengi ni kudhani wakimaliza vyumba hivyo wameona yote. Hawajaona. Sehemu kubwa ya mkusanyiko iko Moi Avenue, katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ile kila mtu mjini huiita Archives tu, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Ukumbi wa chini umejaa vinyago, sanamu na silaha za jadi. Vitabu vyake adimu, zaidi ya 8,000, viko huko pia.

Mbona vitu vya mtu mmoja vitawanyike hivyo? Murumbi aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mkusanyiko wake, akitumaini itageuzwa taasisi ya masomo ya Afrika. Haikuwa hivyo. Nyumba ilibomolewa. Ndiyo maana leo mgeni hana budi kutembea.

Na hapo ndipo siku inapokuwa na maana. Archives hufungwa Jumapili, na Jumamosi ni nusu siku. Nairobi Gallery hufunguliwa hata wikendi. Kwa hivyo siku ya kazi ndiyo bora: anza Archives asubuhi, kisha fuata Moi Avenue hadi Kenyatta Avenue na upande nayo moja kwa moja mpaka Uhuru Highway. Kwa miguu ni kama dakika 20, na kusema kweli ni haraka kuliko kukaa kwenye jam. Tenga saa moja kwa Gallery, na zaidi ya hapo kwa Archives.

Kuhusu pesa, usitegemee noti. Malipo ya makumbusho ya serikali hupitia eCitizen, kwa hivyo simu iwe na chaji na M-Pesa iwe na salio. Beba kitambulisho, kwa sababu Mkenya, mkazi wa Afrika Mashariki na mgeni kutoka nje hawalipi sawa. Bei hubadilika, ziangalie siku hiyohiyo. Kabla ya kupiga picha, uliza mlangoni.

Mwenye muda apande matatu ya Limuru Road hadi City Park. Murumbi, aliyefariki 1990, amezikwa huko pamoja na Sheila, katika bustani yenye sanamu za mawe. Alitaka alale karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa kwa risasi Nairobi mnamo Februari 1965. Kaburi la Pinto liko hatua chache tu.

Ukibeba chakula, kifiche ndani ya begi. Kima wa City Park hawaombi.