Wanawake na Wakfu wa Vitabu: Maktaba ya Qarawiyyin



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu katika imani, tukitajiwa maktaba huwa tunawafikiria wanazuoni wanaume waliovaa vilemba. Tunasahau kwamba nakala ya kwanza ya Qur'an iliyokusanywa zama za Sayyidna Abubakar (R.A.) ilihifadhiwa baadaye na mwanamke, Bi. Hafsa binti Umar (R.A.). Sayyidna Uthman (R.A.) alipotaka kunakili misahafu, aliiazima kwake, kisha akamrudishia.

Miaka mingi baadaye, huko Fez nchini Morocco, wanawake wanatajwa tena. Mwanahistoria Ibn Abi Zar, aliyeandika karne ya 14, anasimulia habari za Fatima na Maryam, mabinti wa Muhammad al-Fihri, ambao jamaa zao walihamia Fez kutoka Qayrawan, Tunisia. Baba alipofariki walirithi mali. Kwa simulizi hiyo, Fatima alianza kujenga msikiti wa Qarawiyyin mwezi wa Ramadhani mwaka 245 Hijria (859), akafunga mpaka ujenzi ulipokamilika. Udongo na mawe vilichimbwa pale pale kiwanjani, ili isiingie shaka yoyote ya haramu. Maryam naye akajenga msikiti wa Andalus.

Tuseme ukweli, kwa sababu elimu ni amana. Ibn Abi Zar aliandika zaidi ya miaka 400 baada ya tukio, na katika ukarabati wa karne ya 20 lilionekana andiko linalomtaja Dawud bin Idris na mwaka 263 Hijria (877). Kwa hiyo wapo watafiti wanaoitilia shaka simulizi hii. Pamoja na hayo, watu wa Fez wamelitunza jina la Fatima vizazi kwa vizazi kama kigezo cha kutoa mali kwa ajili ya Allah.

Msikiti ukawa chuo, na chuo kikahitaji vitabu. Mwaka 750 Hijria (1349) Sultani Abu Inan wa ukoo wa Marini aliweka hapo maktaba. Mwanachuoni Ibn Khaldun naye alitoa wakfu nakala ya kitabu chake, Kitab al-Ibar, kwa masharti: kiazimwe na mtu mwaminifu tu, aweke dhamana, na asikae nacho zaidi ya miezi miwili. Zingatieni hapo! Wakfu bila utaratibu hupotea mikononi mwa watu.

Hata hivyo, jengo nalo huzeeka. Unyevu ulikuwa ukila kuta na kuhatarisha hati zipatazo 4,000. Mwaka 2012 kazi ya kuinusuru maktaba alikabidhiwa mhandisi wa majengo Aziza Chaouni, mwanamke aliyezaliwa Fez penyewe, na ukarabati ukamalizika mwaka 2016. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa Kuwait.

Tunajifunza nini? Kwanza, sadakatul jaria ina hatua tatu: kujenga, kujaza vitabu na kutunza. Wengi wetu tunaipenda ya kwanza kwa sababu inaonekana. Paa linalovuja halina mfadhili. Pili, mali ya mwanamke ni yake kisheria, na akiitoa kwa elimu, jina lake litajwe kama linavyotajwa la mwanamme. Tatu, mlango wa maktaba uwe wazi kwa binti pia. Vipi tumwombe mama achangie rafu za vitabu, kisha bintiye aambiwe hana nafasi ya kukaa kusoma?

Wazazi, keti na watoto wenu wiki hii muwasimulie habari hizi. Na kama nyumbani kuna kitabu kisichosomwa, kiandikeni "wakfu" ukurasa wa mwanzo, mkipeleke madrasa.

Allah awalipe kheri waliotangulia kutoa, na atujaalie nasi tuwe miongoni mwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.