Kuegesha nje ya jiji na kuendelea kwa treni: Mfano wa Syokimau

KUEGESHA gari pembezoni mwa jiji na kumalizia safari kwa treni ni utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya mtu mwenye gari, anayeishi mbali kidogo na reli na kufanya kazi mahali ambapo nafasi ya maegesho ni adimu. Huendesha kilomita chache hadi stesheni, huliacha gari hapo mchana kutwa, na kulichukua jioni anaporejea.

Utaratibu huo si mgeni duniani. Nchini Marekani, stesheni ya Route 128, nje ya Boston, ilifunguliwa mwaka 1953 kando ya barabara kuu yenye jina hilo, ikawa miongoni mwa stesheni za mwanzo kujengwa kwa kuwalenga wenye magari. Nchini Uingereza, Bristol Parkway ilifunguliwa mwaka 1972 karibu na makutano ya barabara kuu za M4 na M5.

Katika Afrika Mashariki, mfano unaojulikana zaidi ni Syokimau, mpakani mwa Nairobi na Machakos. Stesheni hiyo, iliyo umbali wa takriban kilomita 16 kutoka stesheni kuu ya Nairobi, ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012 ikiwa na uwanja wa kuegesha magari. Ilikusudiwa kuwapunguzia adha wakazi wa Syokimau, Mlolongo na Kitengela, ambao hutumia Barabara ya Mombasa pamoja na malori ya bandarini na magari yaendayo uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Faida ni bayana. Dereva huokoa mafuta, huepuka ada ya maegesho ya mjini, na hufika kazini bila uchovu wa foleni. Hata hivyo, faida hizo hutegemea ratiba kuliko ukubwa wa uwanja. Treni ikipita kila baada ya dakika 10, aliyeikosa hupoteza dakika 10 tu. Ikipita mara chache asubuhi, aliyeikosa amepoteza safari, naye hurudi barabarani na gari lake.

Jioni tatizo ni kubwa zaidi. Treni za wafanyakazi jijini Nairobi hupangwa hasa kwa saa za kwenda na kutoka kazini. Anayecheleweshwa ofisini hadi treni ya mwisho ikaondoka hujikuta mjini huku gari lake likiwa kilomita 16 kutoka alipo, na hulazimika kupanda matatu usiku kulifuata. Likimpata hilo mara mbili tatu, huacha kabisa kuitumia treni.

Lipo pia suala la ardhi. Gari moja, pamoja na njia ya kulipitisha, huhitaji takriban mita 25 za mraba. Hivyo hekta moja hutosha magari 400 hivi. Treni moja ndefu huweza kubeba abiria wengi kuliko hao. Kwa hiyo maegesho pekee hayawezi kuijaza treni, na stesheni huhitaji vilevile matatu za kuwaleta abiria kutoka mitaani na njia salama kwa waendao kwa miguu, ambao ndio wengi.

Tangu wakati huo mazingira ya Syokimau yamebadilika. Mwaka 2017 reli mpya kutoka Mombasa ilianza kazi, kituo chake kikuu kikiwa Syokimau, na abiria wake wakaweza kuingia mjini kwa treni ya kuunganisha. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu ya kulipia, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mwenye uwezo sasa anaweza kuikwepa foleni bila kushuka garini, na treni inapaswa kushindana na barabara hiyo kwa muda na kwa gharama.

Kabla ya kuamua kuliacha gari stesheni, msafiri anashauriwa kuchunguza mambo manne: saa ya treni ya mwisho, ulinzi na taa za uwanja, jumla ya nauli na ada ikilinganishwa na mafuta, na umbali kutoka stesheni ya mjini hadi kazini. Afanyaye kazi karibu na stesheni kuu ya Nairobi hufika kwa miguu. Aendaye Westlands huhitaji gari jingine, na nauli hiyo nayo sharti iingizwe katika hesabu.