Kiboko na Daftari

Tarehe 22 Aprili 1896, mjini Berlin, Chansela Hohenlohe wa Ujerumani alitoa amri iliyopanga mtu wa Bagamoyo achapwe viboko vingapi. Visizidi 25 kwa mara moja. Vikibaki vingine, zipite wiki mbili kwanza, mgongo upoe, kisha amaliziwe. Mvulana asiyefika miaka 16 apigwe kwa ufito tu. Mwanamke asichapwe. Mwarabu na Mhindi wasichapwe. Mzungu awepo kushuhudia, na kama daktari yupo, awepo naye. Kisha adhabu iandikwe katika daftari.

Amri hiyo ilihusu pia Kamerun na Togo, lakini huku kwetu Mrima ilipata jina lake: hamsa ishirini. Chombo cha kazi kilikuwa ukanda wa ngozi ya kiboko uliokaushwa hadi ukakakamaa. Mnyama akaurithisha mjeledi jina lake, na jina halijafutika. Mtoto wa shule anayecharazwa leo kwa fimbo ya mwarobaini bado anarudi nyumbani akisema amekula viboko.

Isidhaniwe kwamba kabla ya hapo pwani ilikuwa haijui fimbo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Tabora na Ujiji, na pamoja na pembe za ndovu walishuka watumwa. Mtumwa alipigwa na bwana wake, na hakuna aliyehesabu. Waungwana walikuwa na njia zao: jumbe, kadhi, na liwali wa Sultani wa Zanzibar. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda, jirani na Bagamoyo, aliyaeleza mambo haya katika Desturi za Waswahili, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten. Palikuwa na faini, fidia na viapo, na palikuwa na tofauti kubwa kati ya kosa la muungwana na kosa la mtumwa. Haikuwa haki sawa. Hata hivyo, neno shauri lilikuwa bado na maana yake ya asili: watu kukaa kitako na kupeana rai.

Novemba 1884 alishuka Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, kijana wa Kijerumani aitwaye Carl Peters. Akaingia bara na karatasi zake, na katika wiki chache akarudi na mikataba ya Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, ambayo waliotia alama hawakuweza kuisoma. Miaka minne baadaye, Aprili 1888, Sultani Khalifa aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa ukanda wa pwani kwa miaka 50. Agosti maofisa wa kampuni walipokuja kushika forodha na kupandisha bendera yao, pwani ililipuka kuanzia Pangani. Abushiri bin Salim aliongoza huko na Bagamoyo, Bwana Heri akaishika Saadani.

Kampuni ilishindwa, dola ikaingia. Bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni 2 na kumtuma Hermann Wissmann, aliyekuja na Wasudani walioandikishwa Cairo na Wazulu kutoka Msumbiji. Mei 1889 walivunja kambi ya Abushiri nje ya Bagamoyo. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani. Bwana Heri alisalimu amri mwaka uliofuata. Anayetembea leo ufukweni Bagamoyo atapita mahali penye mnara wa kuwakumbuka walionyongwa na Wajerumani, na si mbali na hapo yapo makaburi ya Wajerumani wenyewe.

Jeshi lile la Wissmann ndilo lililozaa askari wa koloni. Hapa ndipo polisi wa nchi hii alipozaliwa: ndani ya kikosi cha vita, kwa kazi ya kuitiisha pwani, na cheo chake kikabaki kuitwa askari. Adhabu zilipoanza kutolewa kwenye boma, mkono uliopiga ulikuwa wa Mwafrika, na macho yaliyohesabu yalikuwa ya Mzungu. Ofisa wa wilaya, ambaye wenyeji walimwita Bwana Shauri, alisikiliza kesi, akahukumu, akasimamia adhabu, na kesho yake akatoka kudai kodi. Neno lile la kupeana rai likawa sasa jina la kwenda kusimama mbele ya mtu mmoja na kusikia alichoamua.

Amri ya 1896 haikutokana na huruma ya ghafla. Huko Kamerun, Desemba 1893, askari wa Kidahomey waliasi baada ya naibu gavana Leist kuwachapa wake zao mbele ya macho yao. Kashfa ilipofika Ujerumani, Leist akafukuzwa kazi. Kisha likaja jina lililoanzia Saadani. Kati ya mwaka 1891 na 1892, Peters akiwa mkuu wa kituo cha Kilimanjaro, aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na mwanamke aliyeitwa Jagodja. Machi 1896 mbunge wa Wasoshalisti, August Bebel, alilifunua jambo hilo bungeni Berlin. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimtia Peters hatiani na kumfukuza katika utumishi wa dola.

Tutazame vizuri namna alivyowajibishwa. Kosa lake lilihesabiwa kuwa la kinidhamu, la mtumishi aliyeiaibisha serikali yake. Hakushtakiwa kwa mauaji. Kesi ilisikilizwa Ujerumani, na ndugu za Mabruk na Jagodja hawakuwa upande wa mashtaka. Mwaka 1905 Kaisari alimrudishia cheo, na mwaka 1914 akarudishiwa malipo ya uzeeni. Waswahili walikuwa wamekwisha kumpa hukumu yao kwa jina walilomwita: Mkono wa Damu.

Amri yenyewe nayo ifikiriwe kwa macho ya mtu wa mtaa wa Bagamoyo. Kabla yake ofisa alipiga kadiri hasira yake ilivyotaka. Baada yake alikuwa na kikomo, shahidi na daftari. Hiyo ilikuwa nafuu, na mwenye mgongo hawezi kuidharau. Lakini ukurasa uleule uliotoa nafuu uligawa migongo kwa asili: katika mji ambamo Mhindi, Mwarabu na Mswahili waliuza na kununua barazani pamoja, kosa moja sasa lilimpeleka mmoja kwenye faini na mwingine kwenye kiboko. Tena amri ilimruhusu mwajiri kumpeleka kibarua wake kwa ofisa ili achapwe kwa uvivu au utovu wa utii. Kwenye mashamba ya Pangani, ambako mkonge ulianza kupandwa mwaka 1893, ruhusa hiyo haikukaa bure.

Daftari liliandikwa kwa bidii ya Kijerumani. Baada ya Vita vya Maji Maji, waziri mpya wa makoloni, Bernhard Dernburg, alikuja mwenyewe mwaka 1907 na kukerwa na wingi wa Wazungu aliowaona pwani wakitembea na viboko mkononi. Alirudi akaliambia Bunge, na masharti ya kuchapa yakakazwa. Hata hivyo hesabu rasmi ya mwaka 1912 hadi 1913 katika koloni lote ilizidi adhabu 8,000 za viboko, kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia. Waliochapwa shambani bila kupelekwa bomani hawamo. Daftari lilimwezesha waziri kujua ni wangapi wamepigwa. Halikumpa aliyepigwa pa kuuliza kwa nini.

Mtoro mwenyewe aliionja hali hiyo bila kuguswa na mjeledi. Alikuwa amefundisha Kiswahili Berlin na kuoa huko mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe, serikali ya koloni iliwazuia kushuka Dar es Salaam. Hakuwa na kosa la kufikishwa mbele ya hakimu. Ilitosha kwamba wenye amri hawakutaka. Alirudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewaeleza wasomaji jinsi mashauri ya Bagamoyo yalivyosikilizwa hakupata shauri lake kusikilizwa.

Waingereza waliiteka Bagamoyo Agosti 1916. Mwaka 1918 Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, alichapisha kijitabu kikali juu ya mateso ya Waafrika chini ya Wajerumani, na London ikakipenda, kwa kuwa kilisaidia hoja ya kutowarudishia koloni. Mwaka 1920 askofu huyohuyo akaandika kingine, safari hii kuwashutumu Waingereza wenyewe kwa kazi za lazima. Hicho hakikupendwa vile.

Polisi wa Tanganyika waliundwa mwaka 1919. Pale Bagamoyo, Ngome Kongwe, iliyojengwa na Mwarabu tajiri yapata mwaka 1860, ambayo Wajerumani waliigeuza ya kijeshi, ikawa gereza, na baadaye polisi nao wakaitumia. Kiboko hakikuondoka na Wajerumani: kilipata sheria yake kamili mwaka 1930, ikieleza fimbo, idadi na uangalizi wa daktari. Mwaka 1933 London ilituma tume ya Bushe kuchunguza haki jinai Kenya, Uganda na Tanganyika. Tume ilikuta ofisa wa wilaya bado ni mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu katika mwili mmoja, ikapendekeza uhakimu upewe wanasheria. Magavana walipinga kwa hoja kwamba Mwafrika angechanganyikiwa akiona serikali ina vichwa viwili. Bwana DC alibaki na kiti chake kwa sehemu kubwa.

Uhuru ulikiondoa kiti hicho. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya mahakama za mahakimu, na mkuu wa wilaya hakuwa tena hakimu. Mwaka huohuo Bunge hilohilo lilipitisha Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu: kwa rushwa, wizi wa mali ya umma na makosa mengine, kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24. Kumi na viwili vya kuingilia, kumi na viwili vya kutokea. Mwalimu Nyerere alikuja kuisimulia kwa kicheko miaka mingi baadaye, kwamba vile vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Watu walicheka naye, na wengi hadi leo husema kwa hamu kwamba mla rushwa wa sasa angestahili hivyohivyo. Lakini hakimu aliyeachwa huru kutoka kwa Bwana DC alijikuta amefungwa na idadi: mara nyingi, hata akiona kosa ni dogo, 24 ni 24. Viboko hivyo viliondolewa mwaka 1972, vikarudishwa mwaka 1989. Mwaka 1992 Tume ya Jaji Nyalali iliorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na ya viboko ilikuwamo. Bado iko katika vitabu.

Februari 2009, Bukoba, mkuu wa wilaya aliwaweka mstari walimu 19 wa shule za msingi, kwa madai ya uchelewaji na matokeo mabaya ya wanafunzi wao, akaamuru polisi awachape. Hakukuwa na shtaka, hakimu wala daftari. Palikuwa na bwana mkubwa, askari mwenye fimbo, na watu wazima waliolala chini. Nchi ilishtuka. Katika siku chache Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, wilayani Bagamoyo, alimvua mkuu huyo madaraka.

Ilikuwa haki, na ilifika upesi. Ila ilifika kwa njia ileile iliyomfikia Peters: mkubwa alimwondoa mdogo wake aliyemwaibisha. Kama Rais angenyamaza, mwalimu wa kijijini angeanza na mlango upi? Kituo cha polisi alikotoka aliyemchapa? Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora imekuwapo tangu 2001 na inaweza kuchunguza, lakini kazi yake mwisho ni kupendekeza. Jirani zetu Kenya, baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, walitunga mwaka 2011 sheria ya mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, yenye raia ndani yake na uwezo wa kuchunguza kifo kilichotokea mikononi mwa askari. Haijawatakasa polisi wa Kenya. Imempa mama aliyefiwa anwani ya kupeleka shauri lake, nje ya kituo.

Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai ikakabidhi ripoti. Katika mapendekezo yake limo la kulifanya Jeshi la Polisi liache kuwa jeshi na liwe chombo cha huduma. Kwa msomaji wa Dodoma hilo linaweza kuonekana suala la jina. Kwa anayeijua pwani hii, ni suala la kambi ya Wissmann.

Sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Masharti yake yameandikwa vizuri: sababu zielezwe, na muda ukiisha mtu afikishwe mahakamani au aachiwe. Kikomo kipo, na maandishi yapo. Aliyewekwa ndani akitoka bila shtaka, akataka kuuliza kwa nini, ataambiwa na mtu wa kwanza atakayemkuta barazani maneno mawili anayoyajua tangu utotoni: shauri yako.