Mkataba wa Addis Ababa wa 1972: Amani Iliyokosa Mlinzi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza vita vya kwanza vya wenyewe kwa wenyewe nchini Sudan, 1955–1972, na mkataba uliovimaliza. Twauchagua mfano huu kwa kuwa makanisa yalifanya humo kazi ya upatanisho, na kwa kuwa amani ile ilidumu miaka 11 tu.

Mara nyingi vita hivyo huelezwa kuwa ni vya Waislamu na Wakristo. Maelezo hayo hayatoshi. Waingereza, waliotawala Sudan pamoja na Misri, waliitenga Kusini na Kaskazini: elimu ya Kusini iliachiwa wamisionari, na sehemu kubwa ya maendeleo ya uchumi ikabaki Kaskazini. Uhuru ulipokaribia, nyadhifa walizoziacha zilitwaliwa karibu zote na watu wa Kaskazini. Agosti 1955 askari wa Kusini waliasi huko Torit, kabla ya uhuru wa tarehe 1 Januari 1956. Baadaye serikali ya Jenerali Abboud ilitaka kuunganisha taifa kwa kulazimisha Kiarabu na Uislamu, na mwaka 1964 ikawafukuza wamisionari wa kigeni kutoka Kusini. Dini, basi, ilikuwa kuni. Moto wenyewe uliwashwa na kunyimwa haki.

Kufikia mwaka 1971 hapakuwa na upande uliotumaini kushinda. Jaafar Nimeiri, aliyetwaa madaraka mwaka 1969, alikuwa ameahidi Kusini utawala wake wa ndani. Joseph Lagu naye alikuwa amewaunganisha wapiganaji wa Anyanya. Ndipo Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, lenye makao yake Nairobi, yalipozikutanisha pande hizo. Mazungumzo ya Addis Ababa yaliongozwa na Kanoni Burgess Carr wa Liberia, na mkataba ukakubaliwa Februari 1972. Kusini ilipata serikali na bunge lake mjini Juba, na wapiganaji 6,000 waliingizwa jeshini.

Kwa nini amani hiyo ilivunjika? Si kwa upungufu wa maandishi. Sheria iliagiza kwamba isibadilishwe bila idhini ya robo tatu ya bunge la taifa na theluthi mbili ya wapiga kura wa Kusini. Lakini Juni 1983 Nimeiri aliigawa Kusini katika mikoa mitatu kwa amri yake mwenyewe, na Septemba akatangaza sharia ya Kiislamu kwa nchi nzima. Mafuta yaliyogunduliwa karibu na Bentiu yalikuwa yamezidisha tamaa. Haki yatudai tuseme pia kwamba baadhi ya viongozi wa Kusini, akiwemo Lagu, waliunga mkono mgawanyo huo. Tayari mwezi Mei askari wa Bor walikuwa wameasi, na vita vya pili vikaendelea hadi mkataba wa Nairobi wa Januari 2005.

Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011. Desemba 2013 watu wake, wengi wao wakiwa Wakristo, walianza kupigana wao kwa wao. Jambo hili lathibitisha kwamba kuwa wa dini moja hakuzuii vita pale madaraka yasipowekewa mipaka.

Nabii Yeremia aliwakemea waliotangaza amani kabla jeraha halijapona. Kanisa lililosaidia kuleta mkataba lina wajibu wa kuulinda: kuwafundisha waumini yaliyomo, na kusema waziwazi kifungu cha kwanza kinapovunjwa, hata kama anayekivunja ni mmoja wetu.