Mgeni wa Noeli Katika Nchi ya Buha

Katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kasulu hadi Kibondo, sikukuu ya kuzaliwa kwake Kristo ina majina mawili. Wakatoliki huiita Noeli, jina walilolipokea kwa mapadre wenye kusema Kifaransa. Waanglikana na wenzao wa makanisa mengine huiita Krismasi, neno la Kiingereza lililovikwa sauti za Kiswahili. Majina ni mawili lakini mvua ni moja. Sikukuu hii huangukia katikati ya majira ya mvua ya nchi ile, wakati njia za milimani zimekuwa utelezi, maharage ya msimu wa kwanza ndiyo kwanza yanavunwa, na mahindi bado hayajakomaa. Si wakati wa ghala kujaa. Jambo hili nalitaja mapema, kwa kuwa mtu atakaye kujua maana ya kutoa katika Buha hana budi kukumbuka kwamba mwezi wa Desemba mwenye nyumba naye aghalabu huwa anahesabu vibaba.

Mojawapo ya Krismasi za mwanzo kabisa zilizoandikwa habari zake katika pande hizi haikuwa ya Waha, wala haikufana. Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871, waliila sikukuu mjini hapo Desemba ya mwaka uo huo. Stanley aeleza kwamba walikusudia kufanya karamu kwa desturi ya kwao, lakini mpishi wao Feraji akaiharibu nyama ya kuoka, na kitamu cha maziwa na mayai kikaungua jikoni. Siku mbili baadaye wakashika safari ya Unyanyembe, nao hawakupita bara moja kwa moja, bali walipanda mitumbwi kwanza wakaelekea kusini kwa njia ya ziwa. Sababu yake ilikuwa Buha. Mwezi mmoja tu uliotangulia, Stanley alikuwa amepita katika nchi hiyo akitozwa hongo na mtawala mmoja baada ya mwingine, makumi ya doti za nguo, hata mwisho akauongoza msafara wake usiku kwa usiku, porini, kama mwivi, asije akatozwa tena.

Mtu asomaye kitabu cha Stanley peke yake atatoka na sura ya watu wenye mikono ya kupokea tu. Mimi nadhani msafiri yule hakuelewa alichokiona. Msafara wenye bunduki na marobota ya nguo haukuwa mgeni machoni pa wenyeji; ulikuwa ni nguvu inayopita, na nguvu inayopita hulipa njia. Mgeni ni mtu mwingine kabisa. Ni yule ajaye mikono mitupu, asiyeweza kukudhuru ukimfungia mlango. Tofauti ya hao wawili ndiyo ufunguo wa mengi yatakayofuata katika habari hii.

Tena kutoa kwenyewe kulikuwa na sheria zake katika falme za zamani za Heru, Muhambwe na Buyungu. Tajiri wa ng'ombe, aghalabu wa ukoo wa Kitutsi, alimkabidhi mkulima ng'ombe; naye mkulima alipata maziwa na samadi, akamrudishia bwana wake kazi ya mikono, pombe na heshima. Desturi hiyo iliitwa ubugabire. Ilikuwa zawadi yenye kamba shingoni: mpokeaji alifungwa na alichopewa, wakati mwingine hata watoto wake. Wapo wanaoisifu kuwa umoja wa watu, na wapo wanaoilaumu kuwa utumwa uliopambwa. Yatosha kusema kwamba Mha wa karne ya kumi na tisa hakuhitaji kufundishwa na mgeni yeyote kuwa zawadi hufunga watu pamoja. Kilichokuwa kigeni kwake ni habari ya zawadi isiyodai kitu.

Habari hiyo ililetwa polepole. Mapadre wa Shirika la White Fathers walifika Ujiji mwaka 1879, lakini milima ya Buha ilingoja muda mrefu kabla ya misheni kusimama imara huko. Vikarieti ya Kigoma ilianzishwa mwaka 1946 chini ya Askofu Jan van Sambeek, ikawa jimbo kamili mwaka 1953. Kwa upande wa Waanglikana, mwaka 1966 iliundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Magharibi, makao yake Kasulu, na Musa Kahurananga akawa askofu wake wa kwanza. Hata katika nyumba ya ufalme imani ilikuwa imeingia: mtawala wa Heru wa miaka ile alikuwa mwanamke, na watu walimwita Mwami Theresa Ntare, jina la ubatizo likitangulia jina la enzi.

Lakini tarehe na maaskofu havisimulii sikukuu yenyewe. Sikukuu ilijengwa na makatekista. Parokia zilikuwa chache na vigango vingi, na padre hakuweza kuwa mahali pawili katika usiku mmoja. Basi watu wa mbali waliotaka Misa ya usiku waliondoka kwao mchana wa mkesha, watoto migongoni, viatu mkononi visiharibiwe na matope, wakafika misheni jioni. Walilala wapi? Walilala kwa wenyeji wa karibu na kanisa, ambao wengi wao hawakuwajua hata kwa sura. Kwa usiku mmoja kila nyumba iliyopakana na misheni iligeuka kuwa ya wageni, na hadithi ya mama aliyekosa nafasi katika nyumba ya kulala ilisomwa mbele ya watu ambao wenyewe walikuwa wamekwisha kupata nafasi. Pango la Noeli, ambalo Mtakatifu Fransisko wa Asizi alilitengeneza huko Greccio mwaka 1223 kwa nyasi na wanyama wa kweli, halikuwa kitu cha kushangaza kwa watu waliozoea kulala chini ya paa moja na mbuzi wao.

Kulikuwa na jamaa wengine waliongojewa kwa hamu zaidi kuliko padre. Tangu zama za Wajerumani, na kwa wingi zaidi wakati wa Waingereza, vijana wa Buha walikwenda kwa maelfu kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Buha ilifanywa kuwa ghala la nguvukazi: barabara zake mbovu, mazao ya biashara haba, kodi lakini ilitozwa kama kwingine. Yule aliyerudi Desemba alileta kanga ya mama, kaptura ya mdogo wake, blanketi ya baba, na sabuni. Desturi ya nguo mpya ya Krismasi, ambayo leo yaonekana kama imekuwapo siku zote, kwa kiasi kikubwa ni mtoto wa mkonge. Wapo ambao hawakurudi kabisa, nao walitajwa katika sala za familia kabla ya sahani kufunuliwa.

Katika miaka ya 1930 serikali iliwakusanya watu wa Kibondo katika makazi mapya kwa ajili ya ugonjwa wa malale; mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawahamisha tena, safari hii kuingia katika vijiji vya ujamaa. Sitakawia juu ya hayo, ila kusema kwamba katika Buha si vigumu kumpata mzee aliyewahi kuiacha nyumba yake kwa amri ya mtu mwingine. Labda ndiyo sababu alimfahamu upesi mtu aliyefika mlangoni bila nyumba.

Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, aliyechaguliwa Juni mwaka ule, aliuawa na askari waasi. Mauaji yakaenea nchini, na katika majuma machache mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Wengi walielekea mashariki, wakavuka mto Malagarasi na vijito vyake wakaingia Kibondo, Kasulu na Kigoma. Mpaka waliouvuka ulichorwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi waliyowanyang'anya Wajerumani. Mpaka huo haukukata lugha. Mrundi na Mha husikizana bila mkalimani, na wengi walikuwa na mashemeji ng'ambo zote mbili.

Misaada ya mashirika haikuwatosha katika majuma ya kwanza, na magonjwa ya kuhara yaliua wengi, watoto kwanza. Wengi walipokelewa vijijini. Walipewa kona ya nyumba, muhogo, maharage, na ruhusa ya kukata kuni. Noeli ya mwaka ule ilifika miezi miwili baada ya msiba, katika mvua. Na tarehe 28 Desemba, siku ya Watoto Mashahidi, Kanisa husoma kila mwaka habari ya Yusufu kumtwaa mtoto na mama yake usiku na kukimbilia Misri. Sidhani kwamba mhubiri yeyote wa Kibondo alihitaji kuifafanua sura ile mwaka 1993.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa pwani huusema msemo huu kwa utani, pengine kwa kumfukuza mgeni aliyekaa mno. Katika Buha, nchi iliyosifiwa tangu kale kwa majembe ya wahunzi wake, waweza kusomwa kinyume chake: kumpa mtu jembe ni kumhesabu kuwa wa nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa. Warundi walilima katika mashamba ya wenyeji, wakalipwa chakula, na wenyeji wakalima eka ambazo mikono yao peke yake isingeziweza. Wala tusipake sukari: ujira ulikuwa mdogo, na wapo waliowanyonya.

Serikali ililiondoa jembe hilo. Mwaka 1995 mpaka ulifungwa. Mwaka 1997 askari waliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini na kuwapeleka kambini, na miongoni mwao walikuwamo waliofika tangu mauaji ya 1972, wenye mashamba, wengine wenye wake na waume wa Kitanzania. Sheria ya Wakimbizi ikafuata mwaka 1998, na mkimbizi akakatazwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini. Serikali ilikuwa na hoja zake, nazo hazikuwa za uongo mtupu: ujambazi barabarani, misitu iliyokatwa, tuhuma za Bujumbura kwamba waasi walijificha miongoni mwa wakimbizi. Lakini nani aliyepima kilichokatwa pamoja na hayo? Mtu aliyekula sahani ya Noeli kwa jirani yake mwaka mmoja, mwaka uliofuata alihitaji kibali ili amtembelee.

Katika kambi za Nduta, Mtendeli, Mtabila na Nyarugusu, hii ya mwisho ikiwa imefunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, kutoa kulibadilika sura. Sasa mtoaji alikuwa shirika, kwa mizani na kadi ya posho. Wenyeji waliokuwa wakarimu wakawa wanunuzi: mama wa kijijini aliyetaka mafuta ya kukaangia siku ya Krismasi aliyapata kwa bei nafuu kwa mkimbizi, naye mkimbizi akanunua kwake ndizi na mboga ambazo posho haikuwa nazo. Wasomi wengine huona hapo mwisho wa ukarimu. Mimi siwafuati. Sokoni watu walijuana majina, wakaulizana habari za watoto. Na masoko hayo yalipokuja kufungwa, pande zote mbili zililalamika.

Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na watu zaidi ya 30,000 wakarudishwa Burundi katika miezi ya mwisho ya mwaka ule, hata wengi wao wakaila Noeli katika vijiji ambavyo watoto wao waliozaliwa kambini walikuwa hawajapata kuviona. Haikupita miaka mitatu, Burundi ikachafuka tena. Oktoba 2015 kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya, na Desemba ikawakuta watu chini ya maturubai, mvua ikinyesha kama ilivyonyesha mwaka 1993. Miongoni mwao walikuwamo wengi waliowahi kuwa wageni wa Buha. Hao hawakuhitaji kuonyeshwa njia.