Nani Anapanga Bei ya Santuri?

Mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa His Master's Voice, bei ya santuri haikuwa fumbo. Kampuni ilipanga, duka likauza, mteja akalipa. Sahani zenyewe zilikuwa za shelaki, utomvu wa wadudu wa India. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, kila upande ukibeba takriban dakika tatu, na zikianguka zilivunjika. Nani angewaza kwamba siku moja santuri kuukuu ingeuzwa ghali kuliko mpya?

Wazo hilo lilikomaa kwa wapenzi wa jazi. Mwaka 1936 Charles Delaunay alichapisha mjini Paris kitabu chake *Hot Discography*, orodha ya rekodi za jazi: nani alipiga ala gani, lini, na namba gani ilichorwa kwenye sahani. Tangu hapo santuri mbili zenye jina moja la wimbo ziliweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Naamini hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Historia ya bei ya santuri ni historia ya maarifa: nani anakijua alichokishika mkononi, na nani hakijui.

Sheria ya kodi ya Marekani inalisema wazi, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililirudia katika kesi ya Cartwright mwaka 1973. Thamani ya haki sokoni ni bei ambayo mali ingebadilisha mikono kati ya mnunuzi aliye tayari na muuzaji aliye tayari, hakuna aliyeshurutishwa, na wote wawili wakiwa na ufahamu wa kutosha. Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kila siku katika biashara ya santuri.

Columbia ilileta santuri ndefu ya vinili mwaka 1948, RCA ikafuata na ile ndogo ya mizunguko 45 mwaka 1949, na shelaki ikawa mzigo wa kutupwa. Katika mzigo huo zilikuwamo santuri za Paramount, kampuni ya Wisconsin iliyokuwa mali ya kiwanda cha samani na iliyorekodi bluzi za watu weusi wa Kusini. Mwaka 1930 ilitoa santuri ya Tommy Johnson, wakati mdororo wa uchumi umewaacha wateja wake bila senti. Mwaka 2013 nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola 37,100. Nyingine moja tu ndiyo iliyokuwa ikijulikana.

Uchache peke yake, hata hivyo, haupandishi bei. Mwaka 1965 Frank Wilson alirekodi wimbo kwa ajili ya kampuni ya Motown, nakala za majaribio zikatengenezwa, kisha karibu zote zikaangamizwa. Vijana wa kaskazini mwa Uingereza, waliokesha wakicheza muziki wa soul ambao Marekani yenyewe ilikuwa imeusahau, ndio walioutukuza. Motown ilipoutoa tena Uingereza mwaka 1979, kila mtu aliweza kuusikia kwa bei ndogo, lakini nakala ya asili haikushuka thamani. Mwaka 2009 moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Toleo jipya liliwaongeza watu waliojua wanachokitafuta.

Baadaye yakaja madaraja. Jarida la Goldmine, lililoanza Marekani mwaka 1974, lilieneza kipimo cha hali ya santuri ambacho wauzaji wa dunia nzima wanakitumia hadi leo. Iliyo karibu na mpya hupata bei kamili, inayofuata nusu yake, na iliyo chini ya hiyo robo. Kwa hiyo macho ni mtaji. Ishike santuri kwa ukingo, iinamishe chini ya mwanga wa dirisha, fuata mifereji polepole. Mkwaruzo unaoonekana tu si sawa na ule unaokwamisha ukucha. Tazama karatasi ya katikati: michirizi kuzunguka tundu inaonyesha ni mara ngapi mtu aliipapasia sahani kwenye msumari wa gramafoni. Kisha soma namba zilizochongwa karibu na lebo, maana ndizo zitakazokuambia kama ni toleo la kwanza.

Mwaka 2000 Kevin Lewandowski alianzisha tovuti ya Discogs huko Oregon, na leo yeyote mwenye simu anaona santuri iliuzwa kwa bei gani ya chini, ya kati na ya juu. Ni msaada mkubwa, ila bei anayoitaka muuzaji si bei iliyolipwa, na ile ya kati huchanganya nakala safi na zilizokwaruzika.

Kwetu hesabu ni ngumu zaidi. Bendi za Tanzania zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri nyingi zikafyatuliwa Nairobi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo ikawa ya taabu. Kisha kaseti, nyingi zikiwa za wizi, zikaviua viwanda vya Nairobi. Santuri zenyewe zilichezwa baa na majumbani kwa sindano butu, zikala vumbi na joto, kwa hiyo nakala safi ni adimu hata kwa nyimbo zilizouzwa kwa maelfu. Wanunuzi kutoka Ulaya walipokuja kuzitafuta, wao walikuwa na orodha na bei, wenyeji walikuwa na sanduku tu chini ya kitanda. Kampuni ya Soundway ya London ilipotoa mkusanyiko wa *Kenya Special* mwaka 2013, masikio mengine mengi yaligeukia huku.

Ununuzi wa namna hiyo ulikuwa wa hiari, lakini siwezi kuuita wa haki, kwa sababu upande mmoja ulikuwa gizani. Na kwa santuri nyingi ndogo za Nairobi giza bado lipo: rekodi za mauzo ni moja au mbili, au hakuna kabisa, na bei ya kati inayotokana na mauzo mawili haimwambii mtu kitu. Anayegawa mirathi yenye santuri za marehemu baba yake aandike kwanza jina la kampuni, namba ya lebo na namba zilizochongwa, kwa kila sahani, kabla hajamwita mnunuzi yeyote nyumbani.