Kutoka Bamba la Metali hadi Faili: Historia ya Uchapaji wa Nukta Nundu na Uteuzi wa Mashine kwa Wasomaji wa Kiswahili Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uchapaji wa maandishi ya nukta nundu ili kuangazia swali linalozikabili taasisi za elimu jijini Bujumbura: ni mashine ipi ifaayo kuzalisha vitabu kwa wingi kwa wasomaji wasioona? Hoja inayojengwa ni kwamba kila hatua ya teknolojia iliamua pia ni lugha zipi zingechapwa na zipi zingesubiri. Kwa hiyo uteuzi wa mashine ni suala la sera ya lugha kabla ya kuwa suala la ununuzi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Bujumbura hukutana na lugha nne shuleni. Kirundi ni lugha ya taifa, Kifaransa kina historia ndefu katika utawala na elimu, Kiingereza kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2014, na Kiswahili kiliingia katika madarasa ya shule ya msingi baada ya Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kiswahili si mgeni mjini humo. Kilifika na misafara ya biashara, kikatumiwa na utawala wa Wajerumani, na hadi leo husikika Buyenzi na Bwiza kama lugha ya nyumbani na ya sokoni.

Kwa mwanafunzi anayeona, lugha hizo nne hushiriki abjadi moja ya Kilatini. Kwa asiyeona, hali ni tofauti. Seli ya nukta nundu ina nukta 6, na michanganyiko yake ni 63 tu ukiondoa nafasi tupu. Kila lugha imegawana michanganyiko hiyo kwa namna yake. Mashine inayonunuliwa leo itazihudumia lugha zote nne, au itazihudumia baadhi na kuziacha nyingine. Tofauti hiyo haionekani katika orodha ya bei.

2.0 Bamba la metali na gharama ya nakala ya kwanza

Louis Braille alichapisha mfumo wake mwaka 1829, akiwa ameuboresha kutokana na mwandiko wa nukta wa Charles Barbier. Shule ya vijana wasioona ya Paris iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Kwa muda mrefu vitabu vingi viliandikwa kwa mkono, nukta moja baada ya nyingine, na kila nakala ilihitaji kuandikwa upya.

Mabadiliko makubwa yalitokea Marekani. Frank Hall, aliyeongoza shule ya wasioona ya Illinois, alitengeneza taipureta ya nukta nundu mwaka 1892. Mwaka uliofuata alitoa mashine ya kugonga nukta juu ya mabamba ya metali. Bamba likishagongwa, karatasi nyingi zingeweza kukandamizwa juu yake. Hapo ndipo uchapaji wa nukta nundu kwa wingi ulipoanza kwa maana halisi.

Hata hivyo, teknolojia hiyo ilikuwa na mantiki yake ya kiuchumi. Gharama kubwa ilikuwa katika kutengeneza bamba. Nakala zilizofuata zilikuwa rahisi. Lugha yenye wasomaji wengi ilifidia gharama hiyo haraka. Lugha yenye wasomaji wachache, au yenye wasomaji wengi ambao hawakuwa wamepelekwa shule, haikuifidia kamwe. Uchache wa vitabu vya nukta nundu katika lugha za Afrika kwa hiyo hautokani na uchache wa wasioona peke yake. Hesabu ya bamba nayo ilikuwa dhidi ya lugha hizo tangu mwanzo.

3.0 Elimu ya wasioona na umoja wa alama katika Afrika Mashariki

Elimu rasmi ya wasioona ilienea katika ukanda huu katikati ya karne ya 20. Shule ya Thika nchini Kenya ilianzishwa mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu, na Shule ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950 chini ya Kanisa la Anglikana. Nchini Rwanda, kituo cha Gatagara kilianzishwa mwaka 1960. Wakati huohuo UNESCO iliitisha mkutano Paris mwaka 1950 na mwingine Beirut mwaka 1951 kutafuta ulinganifu wa alama baina ya lugha za dunia, kisha mwaka 1953 ikatoa kitabu kilichokusanya alama hizo.

Haja ya ulinganifu ilikuwa imethibitishwa kwa uchungu huko Marekani na Uingereza. Kwa miongo kadhaa wasioona wanaozungumza Kiingereza walitumia mifumo iliyoshindana, na kitabu kilichochapwa kwa mfumo mmoja hakikusomeka kwa mwingine. Makubaliano kuhusu mfumo mmoja yalipatikana mwaka 1932. Somo lililobaki ni kwamba mashine ikitangulia makubaliano, hueneza mgawanyiko kwa kasi kubwa zaidi.

Bujumbura iko mahali ambapo mapokeo mawili yanakutana, ya Kifaransa na ya Kiingereza. Seli yenye nukta zote 6 ni herufi é kwa Kifaransa. Kwa Kiingereza cha mkato seli hiyohiyo husimama badala ya neno zima. Ndivyo ilivyo pia kwa herufi ç, à, è na ù. Tarakimu zinatatiza zaidi. Katika mapokeo ya Kiingereza, seli ya nukta 3, 4, 5 na 6 hutangulia namba kumjulisha msomaji kwamba herufi zinazofuata ni tarakimu. Katika utaratibu wa Antoine unaotumiwa Ufaransa, seli hiyohiyo inaweza kuwa sifuri. Mwanafunzi aliyefundishwa hesabu kwa utaratibu wa Kifaransa, kisha akapewa kitabu cha Kiswahili kilichoandaliwa Nairobi au Dar es Salaam, anaweza kukwama katika ukurasa wa kwanza wenye tarehe. Kosa halitakuwa lake, wala la mwalimu wake, wala la mashine.

Hata jina la maandishi yenyewe halijaafikiwa. Tanzania husema nukta nundu; Kenya husema breli. Tofauti ya istilahi inavumilika, kwa kuwa msomaji huelewa zote mbili. Tofauti ya alama haivumiliki, kwa sababu kidole hakina muktadha wa kukisia.

4.0 Kompyuta na kubadilika kwa maana ya wingi

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 kompyuta ilianza kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu, na baadaye zikaja printa zinazogonga nukta moja kwa moja kutoka kwenye faili. Kampuni kama Index Braille ya Sweden, Braillo ya Norway na Enabling Technologies ya Marekani zilijulikana kwa mashine hizo. Bamba likawa si lazima tena. Nakala ya kwanza na nakala ya mia zikawa na gharama inayokaribiana.

Badiliko hili ndilo muhimu kuliko yote kwa Kiswahili nchini Burundi. Chini ya utawala wa bamba, wingi ulikuwa nakala nyingi za kitabu kimoja. Chini ya utawala wa faili, wingi unaweza kuwa vitabu vingi vyenye nakala chache. Hitaji la Bujumbura linaelekea upande wa pili: vitabu vya masomo mbalimbali, katika lugha nne, kwa madarasa ambayo kila moja lina wasomaji wachache.

Mfano wa hesabu unasaidia. Chukua kitabu cha kiada chenye kurasa 120, kila ukurasa ukiwa na herufi na nafasi 1,800. Jumla ni seli 216,000. Ukurasa wa nukta nundu wa inchi 11 kwa 11.5 hubeba mistari 25 ya seli 40, yaani seli 1,000. Lakini maneno ya Kiswahili ni marefu. Kitenzi kama hawatatutambulisha huchukua seli 18, na kisipoenea mwishoni mwa mstari hushuka chote. Ikichukuliwa kwamba robo ya ukurasa hubaki tupu, kitabu hufikia kurasa 288, au karatasi 144 zikichapwa pande zote mbili. Nakala 40 zitahitaji karatasi 5,760. Kwa karatasi ya gramu 140 kwa mita ya mraba, huo ni uzito wa takriban kilo 66.

Sasa linganisha kasi. Mashine ya seli 100 kwa sekunde itamaliza nakala moja kwa dakika 36, na nakala 40 kwa saa 24 za kazi. Mashine ya seli 300 kwa sekunde itazimaliza kwa saa 8. Tofauti ni siku mbili za kazi. Unukuzi na usahihishaji wa kitabu hichohicho, ukifanywa na msomaji asiyeona aliyebobea, huchukua muda mrefu zaidi kuliko tofauti hiyo. Kasi inayonunuliwa kwa fedha nyingi basi huokoa muda mahali ambapo haukupotea sana.

5.0 Vigezo vya uteuzi

Kutokana na historia hii, vigezo vinne vinastahili kutangulia kasi. Cha kwanza ni majedwali ya lugha. Printa haijui lugha. Programu ya unukuzi ndiyo inayojua. Programu huria ya liblouis ina majedwali ya Kiswahili yaliyoandaliwa kwa matumizi ya Kenya. Kabla ya kutia saini mkataba, mnunuzi angechapa ukurasa mmoja katika kila lugha kati ya nne, na kuusomesha kwa wasomaji wa Bujumbura.

Cha pili ni karatasi. Mashine nyingine hutumia karatasi ndefu ya kukunjwa yenye matundu pembeni, nyingine hupokea karatasi zilizokatwa. Hizi za pili hurahisisha ununuzi pale ambapo karatasi ya kukunjwa haipatikani madukani. Aidha, unyevu wa hewa ya mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika hulegeza karatasi, na nukta yenye kimo cha takriban nusu milimita hulala upesi. Ghala kavu ni sehemu ya mashine.

Cha tatu ni matengenezo. Vipuri vinavyosafiri kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa barabara au kupitia ziwa, huchelewa. Printa mbili za kasi ya wastani huendelea na kazi moja ikiharibika. Printa moja ya kasi kubwa husimamisha darasa zima. Cha nne ni mazingira ya kazi: umeme thabiti wenye kinga, na kifuniko cha kuzuia kelele, kwa kuwa mgongo wa nyundo hizo huwaumiza masikio wanaoketi karibu.

6.0 Hitimisho

Msingi wa kisheria upo. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na mwaka 2018 ikatunga sheria ya kulinda haki hizo. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 huruhusu nakala zinazofikika kuvuka mipaka baina ya nchi wanachama bila kuomba idhini ya kila mwenye hakimiliki. Kenya iliingia mwaka 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020. Faili moja iliyosahihishwa Nairobi inaweza kuchapwa kwingine bila kunukuliwa upya, ilimradi alama zake ziwe zimeafikiwa.

Hapo ndipo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ambayo taasisi moja ya Bujumbura haiwezi kuijaza: kuwakutanisha wanaisimu, walimu na wasomaji wasioona wa nchi wanachama wakubaliane kuhusu alama za Kiswahili, hasa tarakimu na vifupisho. Kazi hiyo inagharimu kidogo kuliko printa moja kubwa. Isipofanywa, kila printa itakayonunuliwa itachapa kwa ufasaha vitabu ambavyo jirani hawezi kuvisoma.